Wageni wa Jumatano kwenye Nyumba ya Mawe

Kwetu, mtu akitaja nyumba ya mawe, watu hunyamaza kidogo kwa heshima. Nyumba ya udongo tunaijua, ya mabati tunaijua, ya matofali ni ya mwalimu au ya mtu mwenye mtoto Nairobi. Ya mawe ni ya misheni. Kwa hiyo siku niliyompigia mama simu kumwambia nimepata kazi ya kutunza mwanamke mzee huko Bladensburg, nje kidogo ya Washington, na kwamba nitakuwa nikilala humo humo, ndani ya nyumba ya mawe, alipiga vigelegele mpaka mwalimu mkuu, mwenye simu, akaja mbio kuuliza kuna nini.

"Mawe kabisa?" mama aliniuliza.

"Mawe kabisa, Mama. Ukuta ni mnene, ukinyoosha mkono dirishani hufiki nje."

Sikumwambia kwamba ilikuwa baa.

Si kwamba ilikuwa baa wakati wangu, jameni. Ilikuwa imeacha kuuza pombe kabla bibi wa bibi yangu hajazaliwa. Lakini zamani hizo Bladensburg ilikuwa kijiji chenye bandari. Meli zilipanda mto Anacostia kuja kuchukua tumbaku, na mabaharia na wenye magari ya farasi walitaka mahali pa kunywea, na mahali penyewe ndipo hapo. Baadaye mto ukajaa matope, meli zikaacha kuja, barabara kubwa zikapita juu na kando, na nyumba ikabaki peke yake kati ya duka la matairi na kituo cha mafuta. Chumba cha mbele, kile cha wanywaji, ndicho kilichokuwa sebule yetu. Kulikuwa na jiko la kuotea moto ambalo ng'ombe angeweza kuingia akageuka. Kwenye kona kulikuwa na kizimba cha fito za mbao, ambamo mwenye baa alijifungia na chupa zake walevi wakianza kupigana. Mimi humo nilipanga dawa za mzee wangu, soksi zake na nepi zake. Mbele ya kizimba mbao za sakafu zilikuwa zimelika zikafanya bonde, kwa miguu ya watu waliosimama wakingoja kuongezewa. Kila nilipopitisha fagio pale nilikasirika. Niliwakasirikia watu waliokufa zamani, fikiria ujinga huo.

Huyo mzee wangu nilimwita Nyanya. Kwa umri wake nisingeweza kumwita kwa jina, hata kama Wamarekani hawaoni neno, naye alilipenda hilo la Nyanya akalizoea upesi kuliko alivyozoea kitu kingine chochote mwaka ule. Alikuwa amepita themanini. Mwili ulikuwa mzima, ila akili ilikuwa inamtoka. Jambo la asubuhi halikufika saa sita ya mchana. Marehemu mumewe aliipenda sana historia ya ile nyumba. Yeye ndiye aliyetundika kibao juu ya mlango, kwenye chuma kilichotokeza ukutani: ubao umechorwa kikombe kikubwa cha bia, povu linamwagika, rangi inang'aa. Chini yake kulikuwa na bamba la shaba la kueleza kwamba hapa ndipo palipokuwa kilabu cha pombe cha kijiji. Mtoto wao, mwanamume wa makamo aliyefanya kazi ya kompyuta huko upande wa mji wa Falls Church, alikuja kila Jumapili kukaa na mama yake ili mimi niende kanisani. Siku moja nilimwomba tushushe kile kibao. Alinitazama hata mtu angedhani nimemwomba tufukue kaburi la baba yake. Sikuuliza tena.

Sasa lazima niseme mama yangu alikuwa mtu wa namna gani, la sivyo mtaniona mwendawazimu. Baba alikunywa. Wacha niseme vizuri: baba alikunywa shamba la kule mtoni, akanywa ng'ombe wawili, akanywa karo yangu ya kidato cha pili, na mwishowe akaokotwa mtaroni asubuhi moja ya mvua, hatua chache kutoka kilabu cha busaa. Tangu siku hiyo mama hakupita tena chini ya paa lililouza pombe. Dada yake alipomwoza bintiye kwenye hoteli yenye baa, mama alikaa nje juani, kofia ya kanisa kichwani, akaletewa sahani ya pilau huko huko kwa maegesho ya magari. Watu walimcheka. "Chekeni tu," aliwaambia. "Ule mlango unakula watu. Mimi umenila nikiwa nje, je ningeingia?"

Basi huyo ndiye nimwambie, Mama, ule ukuta mnene unaousifia kwa majirani ulijengwa kwa ajili ya walevi? Nilinyamaza. Na ukishanyamaza kwa mama, utanyamaza kwa kila mtu. Kanisa letu la Kiswahili lilikutana mtaa wa Columbia Heights, kwenye ghorofa ya chini ya kanisa la kuazima. Tulikuwa Wakenya wengi, wauguzi na watunza wazee, na Wakongo na Warundi wachache waliokaa viti vya nyuma. Wakenya wale walikuwa watu wa bara waliookoka kama mama, wa kuvuka barabara wakiona baa. Nilipojiandikisha kwenye daftari la kanisa niliandika namba ya nyumba na jina la barabara, simu sikuiandika, nikasema ni kwa mzungu mmoja mzee, basi. Kina mama walipotaka kunitembelea, maana ilikuwa desturi yetu kuzungukiana nyumba kwa nyumba, nilisema tajiri wangu hapendi wageni. Uongo mtupu. Yule mtu wa Falls Church angefurahi sana, angewatembeza ndani na kuwaonyesha kizimba.

Mtu mmoja tu wa kanisani ndiye aliyekuwa ameingia humo: rafiki yangu Mkongo, mama wa Bukavu, tuliyejuana kwenye basi. Alifanya kazi kwenye nyumba ya wazee karibu na hapo. Nilipomweleza aibu yangu alicheka mpaka akafuta machozi.

"Yaya, miye baba yangu alikuwa anauzisha bière, na Jumapili ndiye alikuwa anabeba msalaba kanisani," aliniambia; yaya kwao ni dada. "Weye unaogopa mawe?"

"Wewe hujui watu wetu," nilimjibu.

Mwezi wa kumi, mwaka wa tisini na saba, mama akaanza kuumwa tumbo. Hospitali ya wilaya walimlaza wiki mbili, kisha wakamrudisha nyumbani, na sote tunajua maana ya kurudishwa nyumbani. Mimi sikuweza kwenda. Karatasi zangu zilikuwa katikati. Kutoka ningetoka, kurudi nisingerudi, na nyuma yangu kulikuwa na wadogo zangu wanaosoma. Mama mwenyewe alinikataza. Ila aliniomba jambo moja, na nataka mlijue sawasawa, kwa sababu ndilo kisa chote hiki.

Kwetu mzaliwa wa kwanza ndiye husema kwanza kaburini. Kabla yake hakuna mtoto mwingine anayefungua kinywa. Akiwa mbali, neno lake husomwa na mtu mwingine, lakini lazima liwe lake na lazima liwe la kwanza. Ni neno la kumsindikiza mzazi: alikuwa nani, alitufanyia nini, tulimkosea wapi atusamehe. Mimi ndiye wa kwanza.

"Najua hutakuja, na sikulaumu," mama aliniambia. Sauti yake ilikuwa imeanza kuwa nyembamba. "Lakini usiniache niende kimya. Baba yako alienda kimya, hakuna aliyekuwa na la kusema juu yake. Mimi nataka nisemewe."

"Nitasema, Mama."

"Sema vizuri. Usilie-lie ukaharibu."

Jumapili iliyofuata nilimpigia tena kutoka kibanda cha simu karibu na kituo cha basi, mgongo wangu ukipigwa na baridi. Alizungumza kidogo tu. Kisha, sijui kwa nini siku hiyo, aliniuliza, "Hiyo nyumba yako ya mawe, zamani walikuwa wanakaa akina nani?"

"Wasafiri, Mama. Walikuwa wakipumzika hapo."

"Basi ni nyumba ya ukarimu," alisema. "Nimeibariki."

Niliweka simu chini nikiwa nimejichukia. Nilimwacha mama yangu, mgonjwa vile, akabariki kilabu! Nikaapa, Jumapili ijayo namwambia ukweli wote, kikombe cha bia na kizimba na kila kitu, anikemee, anisamehe, kisha niandike neno langu nikiwa na moyo mweupe. Mama alikufa Jumatatu, siku iliyofuata. Mimi sikujua.

Na hapa kuna desturi nyingine ya kueleza. Kwetu habari ya kifo haitolewi kwa simu. Haitumwi kwa mtoto wala kwa karatasi. Watu huja, watu wazima, wasiopungua wawili, na mmoja lazima awe mwanamke mwenye umri. Siku ya baba walimkuta mama ametoka mtoni na mtungi kichwani. Waliutua kwanza ule mtungi. Wakamkalisha, wakaomba, wanawake wawili wakamshika mabega huku na huku, ndipo wakasema. Mama aliniambia baadaye kwamba bila ile mikono angeanguka asiinuke tena. Kwa hiyo mdogo wangu wa kiume, Jumanne ile, hakunipigia mimi. Laini ya mwalimu mkuu ilikuwa imekatwa na mvua, zile mvua kubwa za El Nino, na mdogo wangu alitembea kwa matope mpaka posta ya mjini akampigia mwenyekiti wa kina mama wa kanisa letu. Namba hiyo nilimpa mimi mwenyewe, nikamwambia ni ya shida. Alimwambia: mama ametutoka, daraja linaelekea kwenda na maji, tunazika Jumamosi hatuwezi kungoja zaidi. Mwambieni dada kwa utaratibu, kisha apige hapa posta alete neno lake. Nitakaa hapa Alhamisi na Ijumaa.

Jumatano, saa nane mchana, nilikuwa nimemaliza kumwogesha Nyanya, tumekaa naye sebuleni namchana nywele. Nikasikia milango ya magari. Nikachungulia dirishani. Magari mawili yalikuwa yamesimama mbele ya nyumba, na watu watano wameshuka: mwenyekiti wa kina mama, mwanamke wa umri wa shangazi yangu, wenzake wawili wamejifunga leso juu ya makoti, na wazee wawili wa kanisa, kofia mikononi. Walikuwa wameinua nyuso wote pamoja, wanatazama kile kikombe cha bia.

Haki ya Mungu! Nikajua wamekuja kunipeleleza. Nikajua yule Mkongo amenitangaza, na sasa wamekuja kuona kwa macho yao dada aliyeokoka anayelala baa. Mzee mmoja alisogea akasoma bamba la shaba, akarudi akitikisa kichwa. Mwenyekiti alikuwa na karatasi mkononi, anaangalia karatasi, anaangalia namba ya nyumba, anaangalia kikombe. Wakaanza kubishana kwa sauti ndogo. Mimi nikavuta pazia.

Watu watano. Siku ya kazi, wakati kila mmoja wao alipaswa kuwa kwenye shifti. Wazee, wamevaa nguo za heshima, kofia mikononi. Mtoto wa kwetu wa miaka sita angejua. Angeacha mchezo, angeenda kumwita mtu mkubwa. Mimi, mwanamke mzima, niliyeona watu kama hao wakimtua mama mtungi, sikujua, kwa sababu kichwa chote kilikuwa kimejaa aibu.

Wakabisha. Mara tatu, polepole, ndivyo tunavyobisha.

"Ni nani?" Nyanya aliuliza.

Nikaweka kidole mdomoni. Nyanya akanitazama, akatabasamu, naye akaweka chake mdomoni. Alidhani tunacheza. Nikaketi sakafuni chini ya dirisha, nimeshika mkono wake, na tukakaa hivyo, kikongwe wa Kimarekani na mjinga wa Kikenya, tukizuia pumzi. Wakabisha tena mara tatu. Nikasikia sauti ya mwenyekiti ikisema, "Hapa ni pa pombe, na hata pamefungwa. Ameandika vibaya." Milango ya magari ikafungwa. Wakaenda zao.

Na nikacheka. Hilo ndilo siwezi kulisahau. Niliinuka, nikajipangusa, nikacheka kwa kupona, nikamwambia Nyanya, tumewashinda. Nikatengeneza chai.

Alhamisi ikapita, Ijumaa ikapita. Sikuwa na habari kwamba kuna mtu ameketi benchini katika posta ya mjini, akiinuka kila simu inapolia. Jumapili sikwenda kanisani, Nyanya alikuwa na kikohozi kibaya na mwanawe alikuwa ameshikwa na homa huko Falls Church. Nilijaribu kumpigia mama kwa simu ya nyumba. Laini ya mwalimu mkuu ilikuwa bado imekufa. Nikasema ni mvua, nikajipa moyo. Kusema kweli nilifurahi kidogo kwamba ule ukweli wangu utangoja wiki moja zaidi.

Jumanne asubuhi rafiki yangu Mkongo akaja, bakuli la sombe, kisamvu cha kwao, limefungwa kwa kitambaa. Yeye Jumapili alikuwa kazini, hakuwa kanisani. Habari aliipata Jumatatu kwa mwenzake wa kazini anayesali nasi, akadhani mimi nimeshaambiwa zamani. Nilimfungulia nikiwa nimeshika trei ya dawa.

"Yaya, pole," alisema pale pale mlangoni. "Pole sana kwa mama."

"Mama gani?"

Nilimwona uso ukibadilika. "Habakukuambia?" alisema. "Lakini balisema balikuja hapa, Jumatano."

Nakumbuka nilifikiria jambo dogo sana: hakuna aliyenitua trei. Ikaanguka yenyewe, vidonge vikaenda kila mahali. Kisha nikaanza kupiga kelele ambazo sikujua ninazo. Rafiki yangu aliweka bakuli chini akanishika mabega, masikini, akarudia-rudia, "Nisamehe, yaya, nisamehe, sikujua," na mimi nikamsukuma. Nilimtukana. Nilimwambia yeye ndiye aliyewaambia watu ninakaa baa. Hakuelewa hata ninasema nini. Hakuwa amemwambia mtu yeyote kitu.

Yeye ndiye aliyempigia mwenyekiti simu akanipa mkononi. Mwenyekiti alilia kabla sijasema lolote.

"Tulifika, mwanangu," alisema. "Tuliona kile kikombe mlangoni, mzee akasema dada yetu hawezi kukaa hapa, haiwezekani. Hata hivyo tukabisha, tukasema labda watatuelekeza. Hakuna aliyejibu. Tukasema umekosea namba, na simu yako hatuna, tutakupata Jumapili. Jumapili hukuja. Kwani kwa nini hukutuambia hiyo nyumba ilikuwa baa? Tungejua tu! Tungeingia tu!"

"Mngeingia?"

"Kwa msiba? Hata kwa shetani tungeingia."

Sikumwambia kwamba nilikuwa nyuma ya pazia. Mpaka leo sijamwambia yeye wala mtu mwingine wa kanisa lile. Mficha maradhi kifo humuumbua, husemwa, lakini mimi hata kuumbuliwa sikuumbuliwa. Watu walinihurumia. Walisema shetani alitumia kile kibao kunitenga na mama yangu, nami nikaitikia amina.

Alhamisi laini ikapatikana. Mdogo wangu alikuja kwenye simu, akanisalimu kwa adabu ambayo haikuwa yake. Nilimuuliza ilikuwaje. Alinieleza vizuri, kila kitu, nadhani alitaka nijue. Alisema mvua ilinyesha. Alisema watu walikuwa wengi, hata wale waliokuwa wakimcheka mama kwa ajili ya hoteli. Wakati wa watoto ulipofika mchungaji akauliza, neno la mzaliwa wa kwanza liko wapi? Mdogo wangu akasema bado halijafika. Mchungaji akasema tungoje kidogo. Wakaimba wimbo mmoja, wakaimba wa pili, maji yanaingia kaburini. Mdogo wangu alikuwa amemwacha kijana na baiskeli kule posta, kama nitapiga dakika ya mwisho. Wakatazama barabarani. Hakuna baiskeli. Mwishowe shangazi akasema, "Endeleeni. Huyo Amerika imemmeza."

"Basi ukasema wewe?" nikamuuliza.

"Ningesemaje?" alijibu. "Wewe hukuwa umesema."

"Na wale wengine?"

"Dada, wewe hukuwa umesema. Nani angesema?"

Kwa hiyo mama alikuwa na watoto sita na hakuna hata mmoja aliyemsindikiza kwa neno. Alienda kimya, vile vile alivyoniomba asiende. Nilitaka kumwambia mdogo wangu kwamba ni mimi, kwamba walibisha na nikajificha, lakini alikuwa ameshaanza kunieleza habari za daraja. Lilikwenda na maji Jumapili.

Sikuwa na mahali pa kupeleka lile neno. Kaburi likishafunikwa, limekwisha. Husemi kesho yake, husemi kwa barua. Nilimuuliza mchungaji wetu wa Columbia Heights, akaniambia Mungu anajua moyo wangu. Hilo ndilo lililonitisha.

Jumanne ile, baada ya rafiki yangu kwenda kazini, Nyanya alikuwa amenikuta nimeketi kwenye ngazi. Alisimama mbele yangu na fimbo yake.

"Mbona unalia?" aliniuliza.

"Mama yangu amekufa."

Nilikuwa sijawahi kulisema hivyo, uchi. Kwetu husemi amekufa, unasema ametutoka, amelala, ameitwa. Kwa Kiingereza lilitoka tu. Nyanya aliketi kando yangu kwa shida, akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Ah, mpenzi wangu," alisema. "Lini?"

"Wiki iliyopita."

"Alikuwa mtu wa namna gani?"

Nikamweleza ile harusi, kofia ya kanisa na pilau juani. Nyanya alicheka, kisha akalia, akalia kweli, kwa ajili ya mtu ambaye hakumjua. Ilipofika saa ya chai alikuwa ameshasahau. Kesho yake akaniona macho yamevimba, akaniuliza tena mbona unalia, nikamwambia tena, naye akaipokea habari ikiwa mpya kabisa, akanishika mkono kwa mikono miwili, akaniuliza alikuwa mtu wa namna gani. Siku hiyo nilimweleza jinsi mama alivyouza mboga mpaka akanirudisha shule. Siku ya tatu nikamweleza mtungi.

Jumapili watu wa kanisa walikuja. Tisa. Waliingia, wote, hata yule mzee aliyetikisa kichwa, akapita chini ya kikombe ameinama. Waliketi kwenye chumba cha walevi, wakaomba, wakaimba, mwenyekiti akanishika mabega. Nawashukuru. Lakini walikuwa wamekuja kunifariji kwa kosa ambalo si lao, na kila walipolia nilisikia wanabisha. Walipoondoka Nyanya aliniuliza wale walikuwa akina nani. Nikamwambia walikuja kwa sababu mama yangu amekufa, na pia nikamwambia lile jingine: kwamba walikuja mara ya kwanza Jumatano, na mimi na wewe, Nyanya, tulijificha. Akasema, "Oh, hapana," akaziba mdomo kwa mkono. Kesho yake hakujua.

Hivyo ndivyo nilivyolisema neno langu la kwanza. Nililisema vipande vipande, mwezi mzima, ndani ya nyumba ambayo mama asingekanyaga kizingiti chake, kwa mwanamke ambaye hakuweza kulihifadhi mpaka jioni. Nilisema alikuwa nani. Nilisema alitufanyia nini. Kila siku nilifika mahali pa kusema nilimkosea wapi, na Nyanya kila siku aliniambia, "Angekusamehe, unajua," na mimi sikuamini, na nikataka aniambie tena.

Kisha katikati ya mwezi wa kumi na mbili niliamka macho yakiwa makavu. Nilimvika Nyanya, nikamchana, nikamtengenezea uji. Alinitazama vizuri, hakuona kitu, akaanza kula. Nikangoja. Nikaosha vyombo, nikarudi nikasimama pale mbele yake. Aliniuliza kama theluji itanyesha. Nikamwambia sijui. Akageukia dirisha.

Basi nikavuta kiti, nikaketi karibu naye mpaka magoti yetu yakagusana, nikamwambia mwenyewe, bila kuulizwa, "Nyanya, mama yangu amekufa."